Pedali ya Kushoto

Baba hakunyang'anywa leseni na mtu yeyote. Kilichomtoa barabarani ni goti la kushoto, goti la klachi. Alikuwa ameendesha malori ya masafa marefu tangu sijazaliwa, akipandisha mizigo kutoka Dar hadi Tunduma, kisha akivuka mpaka kuelekea Lusaka na mbele zaidi. Goti lilianza kwa kuvimba jioni, likaja kuwa linakataa kukunjuka hata asubuhi. Tajiri wake akamshukuru kwa utumishi na kumpa mtu mwingine funguo. Baba akarudi Mlowo, kwenye nyumba yetu iliyo nyuma ya maduka ya barabara kuu, akawa anakaa kutwa barazani kwenye kiti cha plastiki akisikiliza malori.

"Huyo kapakia shaba," alikuwa akisema, hajainua hata kichwa. Au: "Huyo breki za tela hazishiki sawa. Atanikumbuka."

Hilo halikumdhuru mtu. Kilichotutia hofu, mimi na mama, ni simu ya rafiki yake wa zamani, mwenye lori moja kuukuu, ambaye alikuwa anatafuta dereva wa kushuka Kamsamba kuchukua mpunga mavuno yakianza. Njia ya kule inateremka kwa kona, na mvua ikiwa imepita inaacha makorongo ambayo dereva anayaona akiwa tayari juu yake. Baba hakukubali wala hakukataa. Alisema, "Tutaangalia." Nyumbani kwetu neno hilo maana yake ni ndiyo.

"Ule mteremko umewashinda wenye miguu mizima," mama aliniambia jikoni, akipepeta mchele. "Huyu wa mguu mmoja na nusu atafika wapi?"

"Mwambie."

"Nimemwambia. Kaniuliza kama mimi ndiye niliyemfundisha kuendesha."

Wakati huo nilikuwa nafanya kazi kwenye stationari moja pale Mlowo, nikichapa barua za watu na kutoa nakala za vyeti. Kompyuta nilizijua kwa upande wa kazi tu. Upande wa gemu niliuona kwa wengine: tangu utotoni nilikuwa nikisimama nje ya vibanda vya kuchezea mpira wa kwenye runinga, nikiona aibu kuingia kwa sababu ndani walikuwa wavulana watupu. Siku moja, wateja wakiwa wachache, niliona kwenye simu video ya mwanamume mtu mzima ameketi sebuleni kwake ameshika usukani, na mbele yake kwenye kioo lori linapanda mlima. Lilikuwa na vioo vya pembeni, geji ya hewa ya breki, hata vifuta maji vya mvua. Yule mwanamume alikuwa ametulia kama baba anavyotulia akiwa kazini.

Nikawaza kwamba kama shida ya baba ni mikono inayotafuta usukani, basi apewe usukani usioweza kumuua. Lilikuwa wazo la haraka na halikunipa amani, kwa sababu upande wake wa pili niliuona pia: huenda nikamwamshia hamu ambayo ilikuwa imeanza kusinzia. Lakini mpunga wa Kamsamba ulikuwa unakaribia kuiva, na sikuwa na wazo jingine.

Nikaanza kuchagua vifaa. Fedha niliyokuwa nayo ilitosha kitu kimoja kizuri na vingine vya kuvumilia, kwa hiyo swali lilikuwa kipi ndicho kiwe kizuri. Nilisoma na kutazama kila nilichokipata, na nikaona watu wote wanakubaliana katika jambo moja: gemu la malori halidai makubwa, ila linadai kadi ya picha. Hiyo ndiyo inayochora milima na magari, na ikiwa dhaifu lori linakwenda kwa kuruka ruka kama picha zinazobandikwa moja baada ya nyingine. Nikaamua kasha lenye mashine yote ndani liwe la mtumba, lile la ofisini, jembamba, la kulala chini ya skrini. Bosi wangu alikuwa nalo stoo na aliliuza kwa bei ya kulitoa njiani. Skrini nilipata iliyochubuka pembeni. Kumbukumbu ya mashine, yaani RAM, niliongeza kidogo. Usukani niliupata kwa kijana mmoja wa Vwawa aliyekuwa anahamia mkoa mwingine: wa mtumba, ngozi imebanduka, lakini na gia yake na pedali zake tatu. Hizo tatu zilinifurahisha, kwani baba asingekubali gari la pedali mbili, lisilo na klachi. Hayo aliyaita magari ya kubembeleza watoto.

Ikabaki kadi yenyewe, na kadi zilikuwa Tunduma.

Mama ndiye aliyeuliza nitajuaje kama itaingia. Yeye amezaliwa milima ya Ileje, na kwao zamani mtu aliyekwenda gulioni Itumba hakwenda na watoto wote. Alikwenda na vijiti. Kila mtoto alikanyagishwa chini, kijiti cha tete kikakatwa kwa urefu wa unyayo wake, na vijiti vyote vikafungwa kwa uzi. Gulioni mnunuzi alikitumbukiza kijiti ndani ya kiatu, kikilala vizuri analipa. Mimi na kaka zangu tulivalishwa hivyo hivyo miaka yote ya shule ya msingi. Kwa hiyo nilifungua kasha, nikapima nafasi ya kadi kutoka nyuma hadi kwenye chuma kinachoshikilia diski, nikakata tete, nikaliweka kwenye mkoba. Halikuonekana jambo la ajabu kwetu sote.

Duka lilikuwa kwenye uchochoro karibu na mpaka, na mwenye duka alikuwa mama wa makamo aliyevaa kofia ya sufu ingawa kulikuwa na jua. Alikuwa akihudumia Wazambia wawili, akahama kutoka Kibemba kuja Kiswahili bila kupumzika.

"Mulishani mukwai. Karibu, mdogo wangu. Unatafuta nini?"

Nilimweleza, nikatoa kijiti. Alikitazama, akanitazama.

"Unataka kadi au ndala?"

Wazambia hawakuelewa, lakini walicheka kwa sababu yeye alicheka. Hata hivyo alishusha maboksi matatu, na kijiti kikalala sawasawa kwenye kadi ya pili, kubwa, yenye feni mbili. Aliniuliza kasha langu ni la aina gani. Nikamjibu kwamba ni la ofisini na kipimo ninacho, hiki hapa. Akainua mabega. Aliichomeka kwenye mashine yake tukaona inafanya kazi, kisha akabandika kibandiko chenye sahihi yake juu ya skrubu moja ya mfuniko wa feni.

"Hiki kikichanika, mimi na wewe hatujuani," alisema.

Nilifika nyumbani saa tisa alasiri na kuichomoa kwenye boksi mbele ya baba. Urefu ulikuwa sahihi kabisa. Lakini kadi ilikuwa nene kama mkate mzima, na nafasi ilikuwa ya kipande kimoja, na juu ilipita ukingo wa kasha kwa upana wa vidole vitatu. Niliigeuza kila upande kama mtu anayejaribu kuingiza godoro mlangoni.

Ndipo nikakumbuka viatu vya shule ya msingi. Vyote vilitosha urefu. Vyote vilinibana pembeni mpaka kidole kidogo kikatoa sugu, na sugu hiyo ninayo hadi leo. Kijiti kinajua urefu tu.

Mama aliangalia kadi, akaangalia mguu wangu, akarudi jikoni.

Baba alichangamka. Sikuwa nimemwona hivyo tangu arudi. Kwa mtu wa malori, kitu kisichoingia ni bodi ambayo haijakatwa.

"Kwa fundi mageti pale chini," alisema. "Anapitisha grenda hapa, na hapa. Anachomelea bati la kupandisha juu. Tela ngapi tumeongeza hivyo?"

"Baba, ndani ya hili kuna nyaya nyembamba kama nywele."

"Basi ivue hiyo nguo yake ya juu. Hizo feni. Bila hizo itakuwa nyembamba."

Alikuwa ameshashika bisibisi. Ncha yake ilikuwa juu ya skrubu yenye kibandiko. Niliweka kiganja changu pale katikati, kitu ambacho mtoto hamfanyii baba yake.

"Kesho nairudisha," nilisema. "Safari hii naenda na kasha lenyewe."

Aliweka bisibisi mezani. "Mama," akaniita, kama anavyoniita akiwa ananiheshimu au ananilaumu, "ungeenda nalo tangu mwanzo. Spea hainunuliwi kwa kusimulia."

"Kijiti ulikiona na hukusema kitu."

"Nilidhani mna akili yenu."

Kesho yake baba alisema anakuja. Nilibeba kasha nimelifunga kwa kitenge, naye akabeba fimbo yake. Tunduma malori yalikuwa yamepanga foleni kama kawaida, na alisimama mara mbili kuzungumza na madereva aliowafahamu. Mmoja alimtania kwamba ameacha shaba sasa anabeba watoto mgongoni, akionyesha kitenge changu. Mwingine alimuuliza kama ni kweli anashuka Kamsamba. Baba alijibu, "Tutaangalia." Nilisikia neno hilo vizuri zaidi ya honi zote za pale.

Mwenye duka alimpa baba shikamoo na kiti, kisha akanigeukia. "Kiatu kimebana?"

Niliitikia kwamba kimebana. Alichukua kadi akaipeleka mwangani. Alipitisha kucha kwenye ukingo wa kibandiko, taratibu, kuzunguka mviringo wote. Niliogopa bisibisi ya baba ilikuwa imegusa kidogo nisione. Kama imegusa, basi fedha yote ya kitu kile kimoja kizuri ilikuwa imekwisha, na nyumbani tungebaki na usukani usio na barabara.

"Kiko," alisema.

Nilikaa kwenye boksi lililokuwa karibu.

Akafungua kitenge, akatazama ndani ya kasha, na kushusha kadi moja ndogo, nyembamba, yenye feni moja. Haikuhitaji hata waya wa umeme wa ziada. Ilikuwa dhaifu kuliko ile ya kwanza na alinieleza hivyo waziwazi. Milima ya mbali ingeonekana kama imefutwa kwa kitambaa. Tofauti ya bei hakurudisha, alisema ni ada ya somo, na sikubishana. Aliichomeka pale pale kwenye kasha letu. Ikaingia kwa sauti ndogo, tik, na skrini yake ikawaka.

Jioni hiyo, jua likiwa bado juu ya shamba la kahawa la jirani, nilipanga kila kitu kwenye meza ya sebuleni. Pedali nilizibana kwa tofali zisiteleze. Baba alikaa, akasogeza kiti mbele, akasogeza nyuma, akaniambia kioo cha kushoto hakijakaa sawa. Nilimwonyesha namna ya kukirekebisha. Kisha akaliondoa lori, na mikono yake ilikuwa ile ile niliyoikumbuka nikiwa mtoto, inaugusa usukani kwa chini, haiukamati.

Tambarare alikwenda vizuri. Milima kwa kweli ilikuwa imefutwa kwa kitambaa, hakujali. Halafu njia ikaanza kuteremka kwa kona, na mzigo ukaanza kulisukuma lori. Alitaka kushusha gia. Mguu wa kushoto ulikwenda kwenye klachi, ukafika nusu, ukasimama. Nililiona goti likitetemeka ndani ya suruali. Gia ikalia, lori likabaki bila gia yoyote, likashika kasi, likapita ukingo wa barabara na kulala ubavu.

Alirudia tangu juu ya mteremko. Likaanguka kona ile ile. Alirudia tena, safari hii akiusukuma mguu kwa mkono wa kushoto, akaachia usukani kufanya hivyo, na lori halikufika hata kwenye kona.

"Nani ameanguka?" mama aliuliza kutoka jikoni, kwa sababu ya kelele.

"Hakuna," nilijibu. "Ni la kwenye kioo."

Baba alikuwa anakitazama kioo, magurudumu ya lori bado yanazunguka hewani. Aliyatazama mpaka yakasimama. Kisha akatoa simu mfukoni, akampigia mwenye lori. Walisalimiana kirefu, wakaulizana hali za nyumbani na za mahindi.

"Sikiliza, ndugu yangu," baba alisema mwishoni. "Ule mpunga tafuta dereva mwingine. Goti." Akasikiliza. "Hapana, sijaenda hospitali. Nimelijaribu mwenyewe leo. Mteremko limeukataa."

Jikoni sauti ya ungo ilikuwa imenyamaza. Ilipoanza tena ilikuwa na mwendo wa kawaida, ule nisiousikia kwa wiki kadhaa, na mama akauliza kama kuna mtu anataka chai.

"Mimi," baba alisema. Aliinama akazitazama zile pedali tatu kati ya matofali, akaisogeza ya kushoto kando kwa fimbo yake. "Na wewe, mama, hiki kitu hakina ile ya kubadilisha gia chenyewe?"

"Kinayo."

"Weka."

"Si ulisema hayo ni ya kubembeleza watoto?"

"Weka, bwana, chai inakuja."