Dramu Nyuma ya Nyumba ya Tecla

Watu wa Sotik wakikuambia kwamba Tecla alikuwa na kichaa cha samaki, waulize kama kuna hata mmoja wao aliyewahi kukaribishwa kwenye sebule yake. Mimi nimekaribishwa. Naitwa Bochaberi, kwa majirani Mama Gekara, nauza ndizi sokoni, na shamba langu limepakana na boma la akina Kipkosgei, katikati kuna ua wa michongoma tu. Habari za nyumba ile nilijionea mwenyewe, na nazisimulia kwa hasira kwa sababu hasira yenyewe haijanitoka mpaka leo.

Mumewe, Nicholas Kipkosgei, alifanya kazi Mombasa miaka mingi, kwenye kampuni iliyokuwa ikipakia samaki hai wa baharini, wale wa rangi rangi wanaopandishwa ndege kwenda kukaa kwenye vioo vya Wazungu. Kampuni ilipopunguza watu, wenzake walirudi makwao na redio na magodoro. Yeye alirudi na tangi la kioo, hita ya kuzamisha majini, pampu ndogo ya hewa, na samaki wachache kwenye mifuko ya plastiki. Stima alikuwa nayo, maana laini ya kwenda kiwanda cha chai inapita kando ya boma lao. Maji ya bahari aliletewa na Okoth, dereva wa lori, ambaye alishuka pwani na chai na kurudi na mitungi ya maji ya chumvi nyuma ya kiti. Okoth alilalamika kwamba kwao samaki akitekewa maji, huwa ni ya kumpikia.

Mama yake Nicholas aliwatazama mara moja tu, akawaita nyoka wa maji, na tangu siku hiyo chai yake aliletewa nje. Lakini Nicholas na Tecla waliwapenda. Jioni, wakitoka kuchuma majani chai, walikuwa wakikaa mbele ya kioo kama watu wanaoota moto.

Kisha malaria ikampanda Nicholas kichwani. Mwaka wa tisini na tano, kabla mvua ndefu haijaisha, tulikuwa tumemzika. Tecla alibaki na binti yake Chepkurui aliyekuwa shule ya bweni, ng'ombe, kipande cha chai na lile tangi. Alibaki pia na Kipkurui, ndugu wa marehemu.

Sasa hapa ndipo damu yangu inachemka. Kipkurui angekuwa mlevi, angefukuzwa na watu wakapiga makofi. Hakuwa mlevi. Alikuwa mzee wa kanisa, mwenye mke na watoto wake, mtu wa kutabasamu na kuuliza habari ya kila mtu. Matanga hayajapoa, akatangaza kwamba nyumba ya ndugu yake ataishika yeye. Tecla alisimama mbele ya wazee na mchungaji, akasema waziwazi kwamba harithiwi na mtu. Mchungaji alimuunga mkono. Wazee wakakohoa. Kipkurui hakubishana hata kidogo. Alitafuta njia nyingine ya kuingilia, na njia hiyo ilikuwa samaki.

Tangi la maji ya chumvi hupungua kila siku, hasa kwenye nyumba yenye jiko la kufukuza baridi. Ila kinachopaa ni maji matupu, chumvi inabaki. Mtu yeyote aliyewahi kusahau supu mekoni anajua jambo hili: ikikauka inakuwa chumvi isiyolika, na dawa yake ni kuongeza maji. Nicholas alikuwa amechora mstari kwenye kioo kwa rangi ya kucha ya Tecla, na maji yalitakiwa yakae hapo. Yakishuka, chumvi inazidi na samaki wanateseka, tena hita ikibaki nje ya maji inapasuka. Kwa hiyo lazima kuwe na mtu wa kuongeza maji ya mvua, asubuhi na jioni, hata kama mwenye nyumba ameshinda kwenye chai.

Mtu huyo akajiteua mwenyewe. Kipkurui alichukua ufunguo wa pili wa nyumba, uliokuwa wa marehemu, na Tecla akiwa shambani, yeye anaingia. Tecla akirudi, anamkuta kwenye kiti cha Nicholas, viatu amevua, gazeti la zamani mkononi. Siku nyingine alikuta sanduku lake la nguo limefunguliwa na kufungwa vibaya. Siku nyingine alimkuta amelala, na hakuwa amelala kwenye kiti.

"Nilikuja kuwekea samaki maji," ndilo jibu lake kila mara. Ungemjibu nini? Samaki walikuwa na maji kweli.

Nilimwambia Tecla anipe mimi ule ufunguo. Alimnyang'anya Kipkurui akanipa, na haukukaa kwangu sana. Kipkurui alikwenda kwa mama yake akasema mbele ya watu, "Ufunguo ya boma yetu sasa inakaa kwa Mkisii? Mumesahau haraka hivyo?" Alikuwa anakumbusha vita vya tisini na mbili, vya Wakipsigis na sisi Wakisii. Mimi mwaka ule sikuchoma nyumba ya mtu. Yangu ndiyo iliyochomwa, na nilirudi nikajenga palepale. Lakini Tecla aliogopa maneno yale yangenirudia mlangoni, akachukua ufunguo akampa mama mkwe wake aushike, na Kipkurui akaupata tena kwa mkono wa mama yake.

Lazima pia nieleze jambo moja la Wakipsigis, kwa sababu bila hilo utadhani mtu huyu alikuwa mjinga tu. Kwao, mtu huweza kuweka ng'ombe wake kwenye boma la mwenzake. Anayewalisha, akawanywesha, akawapa chumvi, ndiye anayekamua. Hata mwenyewe akija kudai, yule mlishaji ana neno la kusema mbele ya wazee. Ni desturi nzuri, imewashibisha watoto wengi. Kipkurui aliigeuza. Alianza kusema pale watu wanapopelekea maziwa, "Mifugo ya ndugu yangu ni mimi nachunga." Watu walicheka kwa sababu mifugo yenyewe ilikuwa samaki. Tecla hakucheka. Alijua mwenye kuchunga mifugo siku moja atadai kulala karibu nayo.

Nilimshauri awauze au awamwage mtoni, mambo yaishe. Alinikasirikia vibaya. "Mama Gekara," akaniambia, "nikimwaga hii samaki, kesho atasema anakuja kuangalia paa. Kesho kutwa atasema anakuja kuangalia mimi."

Basi akaamua kwamba maji yatajiongeza yenyewe.

Alianza kwa kutafuta floti, ile ya kuelea kwenye tangi la choo na kufunga maji yakijaa. Madukani Sotik zilikuwa za shaba tupu, na Nicholas alikuwa amemwambia mara nyingi kwamba shaba ni sumu kwa samaki wa baharini. Akaunda yake. Dramu la plastiki alilipandisha juu ya mawe nyuma ya nyumba, nje, chini ya mfereji wa paa, ili mtu aweze kulijaza bila kuhitaji ufunguo. Kutoka kwenye dramu ulitoka mpira mwembamba wa dripu, ule daktari wa mifugo anaotundikia ng'ombe, ukapita kwenye tundu la ukutani mpaka juu ya tangi. Pale aliubananisha katikati ya vijiti viwili vilivyounganishwa nyuma kwa kipande cha ndala, mfano wa mdomo. Kijiti cha chini kilikaa juu ya chupa ya plastiki iliyozibwa, inayoelea. Maji yakifika kwenye mstari, chupa inasukuma kijiti juu, mdomo unaubana mpira, hakuna kinachopita. Maji yakishuka kidogo, chupa inashuka, mdomo unalegea, maji yanadondoka taratibu mpaka chupa ipande tena.

Ukisikia hivi unaona ni rahisi. Jumapili ya kwanza tulitoka kanisani tukakuta mkeka unaelea. Mpira wa dripu ulikuwa mgumu na chupa ilikuwa ndogo, haikuwa na nguvu ya kuubana. Maji ya mvua yalikuwa yameingia asubuhi nzima, tangi likafurika, samaki wakawa wanahema juu juu. Kipkurui alisimama mlangoni akitingisha kichwa kwa huruma. Tecla aliupiga mtungi teke ukaenda kugonga banda la kuku, akasema neno la Kikipsigis ambalo hadi leo amekataa kunitafsiria. Ilibidi Okoth alete maji ya bahari upya.

Hakuacha. Alitafuta chupa kubwa, ile ya mafuta ya kupikia, na pale penye mdomo akaunga kipande cha mpira laini wa valvu ya baiskeli. Tukakaa kuitazama siku nzima kama watu wanaongoja ng'ombe azae. Maji yalishuka, yakaongezeka, yakasimama kwenye mstari. Kesho yake hivyo hivyo. Tecla akashuka madukani akarudi na kufuli kubwa jipya, akang'oa kile kitasa cha zamani.

Kipkurui alipokuja na kukuta kufuli, alimfuata mpaka kwenye chai. Nilikuwa hapo, nilisikia.

"Mama Chepkurui, sasa mimi nitawekea hao samaki maji namna gani?"

"Hutaweka, shemeji. Maji inajiongeza."

"Maji haiwezi kujiongeza. Hiyo ni kazi ya mtu."

"Ilikuwa," Tecla akasema, na akaendelea kuchuma.

Tulikaa miezi kadhaa kwa amani. Tecla akaanza kulala mchana, mlango umefungwa, jambo ambalo hakuwa amethubutu tangu msiba. Ukitaka kujua kilichokuwa ndani ya lile dramu, ni usingizi wa mwanamke.

Kisha habari ikaja kutoka Londiani kwamba mama yake mzazi ameteleza kwenye shamba la viazi, amevunjika nyonga. Tecla aliwashibisha samaki, maana wanavumilia njaa wiki nzima, akajaza dramu, akafunga kufuli, akaniomba niwe nachungulia huko nyuma, akaenda. Siku niliyopita kuangalia nilikuta limejaa mpaka juu. Mvua ilikuwa imenyesha, nikaishukuru mvua.

Alirudi amekonda. Nilimsaidia kubeba mzigo mpaka mlangoni. Alipofungua kufuli, harufu ilitutangulia. Samaki wote walikuwa wanaelea ubavu, mmoja tu alikuwa bado anatikisa kijipezi, na hata huyo alinyamaza tukimtazama. Maji yalikuwa kwenye mstari, sawasawa. Chupa ilikuwa inaelea mahali pake. Tecla alichovya kidole akaonja, akatema. Akatoka nje, akafunua dramu, akatia mkono mpaka begani, akautoa na tope jekundu.

Ilikuwa chumvi ya ng'ombe. Ile ya mawe, yenye madini, shaba ikiwemo, wanayolambishwa ng'ombe wa maziwa.

Kipkurui alikuwa anapita na gamubuti zake za mpira, anatoka kukamua. Alituona akaja mbio na tabasamu, akatusalimu kwa lugha yao.

"Chamgei. Umefika? Mama anaendelea?"

"Shemeji, nani aliweka kitu kwa hii dramu?"

"Ni mimi," akasema, na alisema kwa fahari. "Wewe ulienda ukaacha mifugo ya ndugu yangu bila chumvi. Si ni wa bahari? Nikaponda ile napatia ng'ombe yangu, ile mzuri kabisa. Nimejaza mara mbili. Mama ni shahidi, na mzee wa mtaa nilimwita akaona."

Alikuwa ameita mashahidi, kama mlishaji wa ng'ombe anayejiandaa kwenda kudai mbele ya wazee. Sikuweza kujizuia. Nilimwambia kwamba mwanamume aliyezeeka bila kusimama mbele ya sufuria hata siku moja hana haki ya kuongeza chumvi popote, na nilimwambia mengine ambayo sitayaandika kwa sababu wajukuu wangu wanajua kusoma. Nilikuwa tayari kumwaga lile dramu kichwani pake.

"Mama Gekara, nyamaza kidogo," Tecla akasema.

Kipkurui alichungulia ndani, akawaona samaki. Nakubali kwamba alishtuka. Alivua kofia. "Pole," akasema. "Mimi nilikuwa nasaidia tu." Kisha akili yake ikarudi palepale inapolala. "Lakini Mungu amekupunguzia kazi. Sasa samaki hakuna, hiyo kufuli ni ya nini tena? Leta ufunguo moja ikae kwangu, tukae kama watu wa boma moja."

Tecla alichukua ndoo, akaingia, akawatoa samaki wa Nicholas kwa mikono yake, mmoja mmoja. Akaja kuitua ndoo ile mbele ya zile gamubuti. Alikuwa analia, na sauti yake haikutetemeka hata kidogo.

"Shemeji," akasema, "wewe ulifikiri nilikuwa nafungia samaki?"

Tecla akaingia ndani, akasukuma mlango, na tukasikia komeo likipita. Mimi aliniacha nje pamoja na Kipkurui na ile ndoo, na sikuudhika.