Mchezo Alioushona Wifi

Nilipoolewa Kanyenye, uhuru ukiwa bado mpya, nilimkuta wifi yangu akishona nguo za watu ukumbini. Alasiri, akishamaliza kazi, alitandika kipande cha kitambaa cha marekani alichokishonea njia ya uzi mwekundu, yenye visima, kutoka Tabora mpaka Ujiji. Tulirusha dadu na kusogeza vifungo, kila mtu na msafara wake. Ukimkuta mwenzako kisimani ulimpa shikamoo, naye alikuvuta hatua tatu mbele. Siku mama mkwe aliponikuta mimi, alisita kidogo.

"Shikamoo, mwanangu."

Nikaficha uso kwa khanga.

"Itikia!" wifi akapiga kelele.

"Marahaba," nikasema, nyumba nzima ikaangua kicheko.

Mwaka wa pili, baada ya mavuno, wifi alitoa kitambaa kipya. Sasa kulikuwa na reli, na ukifika Kaliua ulichagua: Kigoma au Mpanda. Shikamoo ilibaki. Mama mkwe alichagua Mpanda kila mara, eti kwa kuwa hajawahi kufika.

Kitambaa kingine kilikuja miaka kadhaa baadaye, watu wakihamia vijiji vya Ujamaa. Wifi alikishona wiki nzima. Hakikuwa na kisima wala njia panda. Hakuna aliyeshindana na mwenzake. Sote tulilima shamba moja kabla mvua haijakatika. Tukacheza mara mbili tu, mama mkwe akarudi kuchambua mchele wake.

"Kina ubaya gani?" wifi akaniuliza.

"Hakina ubaya, wifi. Ila humu ndani hatujioni. Hatujui hata pa kuanzia."

"Basi mlitaka nirudie mchezo ule ule?"

Lakini ule ule nao tulikuwa tumeuchoka.

Kwa siku kadhaa alitutandikia vitambaa vya zamani, mwenyewe akakaa pembeni kutazama. Maswali yake yalinishangaza. Kwa nini mmecheka hapo? Mbona umeishika dadu muda mrefu ulipofika Kaliua? Kisha akafumua shamba lake. Akashona kisima katikati, shikamoo ikarudi, na kila zamu ilibidi uchague: kulima au kuteka maji. Shamba likabaki moja.

"Na mshindi nani?" mama mkwe akauliza.

"Sote, mama. Au hakuna."

Siku ya kwanza mvua ilikatika mahindi yakiwa magotini. Tukashindwa sote. Nilidhani mama mkwe ataondoka, lakini alikusanya vifungo mwenyewe.

"Anza tena. Safari hii mimi nateka maji."

Baadaye wifi aliolewa Kigwa, akaondoka na kitambaa kile. Haukupita mwaka akaniandikia barua: wanawake wa huko wameongeza kwenye kitambaa nyani wanaovamia shamba, na zamu ya kulinda. "Hawakuniuliza," aliandika. "Nilikasirika siku moja tu. Njoo ucheze, wifi, mchezo umekuwa mtamu."

Nilipanda treni wiki iliyofuata.