Jiwe la Kaka Ausi

Naanza na hili ili tusipotezeane muda: yaliyonipata yalinipata asubuhi, nikiwa na akili zangu timamu, tumboni sina kitu zaidi ya chai ya rangi na kipande cha muhogo. Mama yangu alikuwepo. Kama huniamini mimi muulize yeye, ila atakusimulia kwa kirefu kuliko mimi na hatakupa hata nafasi ya kukohoa.

Mimi ni mwalimu wa hesabu hapa Masasi, lakini wachache wananijua kwa hesabu. Wananijua kwa Landrova. Niliinunua kwa mzee mmoja wa Lupaso, mstaafu wa kanisa, ikiwa imegeuka banda la kuku, nikahangaika nayo miaka minne. Nilichomelea bodi, nikapiga rangi ya kijani mara tatu mpaka ikakubali, nikashona viti upya. Jioni pale Mkomaindo tuna kijiwe chetu cha wapenda magari, na swali letu ni lile lile kila siku: gari bora ni lipi? Mmoja atasema chesesi. Mwingine atasema injini isiyochagua mafuta. Mimi nilikuwa nasema mlio. Gari bora, niliwaambia, unalijua ukiwa umefumba macho, kwa injini inavyonguruma na mlango unavyojifunga. Nilibishana mpaka mate yakanitoka.

Breki? Hakuna aliyewahi kutaja breki. Nakuambia ukweli, katika miaka minne ile breki nilizigusa mara moja tu. Pedeli ilikuwa inazama kidogo, nikiipampu mara mbili inashika, nikaona yatosha. Waya wa hendibreki niliukata kwa mkono wangu mwenyewe ili nipate nafasi ya spika. Unacheka? Cheka tu, hata mimi ningecheka kama asingekuwepo Mama ndani ya gari.

Mwaka juzi, mwezi wa saba, Mama alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Jicho moja lilikuwa limefungwa bandeji, na la pili, lililokuwa linangoja zamu yake, lilikuwa haliambulii kitu zaidi ya mwanga. Siku ya kumrudisha kwake Newala, dada yangu Tumaini alitaka apande basi. Nikakataa kabisa. Nilisema basi litamchosha mgonjwa. Sababu yenyewe ni kwamba nilitaka majirani zake waione Landrova yangu ikimshusha mlangoni.

Tuliondoka kumepambazuka. Kama umewahi kupanda Newala asubuhi ya baridi unaujua ukungu ule, unaokaa juu ya barabara mpaka unaendesha kwa kukumbuka. Mama alikaa mbele, kanga mbili mabegani, akilalamika kwamba spika inampigia magotini. Katikati ya mlima, kwenye kona kali, nilichelewa kubadili gia. Injini ikakohoa, ikazima. Nikakanyaga breki, pedeli ikazama mpaka chini na kubaki huko huko. Nikapampu mara mbili, mara tano. Hakuna kitu. Gari likaanza kurudi nyuma. Nikajaribu kutia gia, ikasaga meno na kukataa.

Kwenye kioo palikuwa na weupe mtupu. Nilijua kwamba upande mmoja kuna ukuta wa mlima na upande mwingine kuna bonde, na kwa hofu ile, mimi mwalimu wa hesabu, nilisahau upi ni upi. Mama akauliza kwa upole mbona tunarudi. 

Ndipo kitu kikagota gurudumu la nyuma. Gari likatikisika, likasimama. Halafu likaja kofi moja kwenye bodi, lile ambalo utingo wa lori humpigia dereva kumwambia atulie.

Akatokea kijana dirishani kwangu. Umri wake haukuzidi miaka ishirini na tano. Alivaa kaptura ya kaki, miguu peku, kifua wazi katika baridi ile. Mimi pumzi yangu ilikuwa inatoka moshi, yake haikutoka. Mikono yake ilijaa vumbi jekundu, vumbi kavu kabisa, na huku barabara nzima ilikuwa imelowa. Hayo niliyaona, lakini sikuyafikiria. Mtu aliyeponea chupuchupu hana muda wa kukagua vumbi la watu. Aliniambia nisishuke, jiwe limeshika.

Mama akageuza uso kuifuata sauti ile. Akasogeza kanga, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, kaka," akasema.

"Marahaba, Agnesi. Macho yamefanyaje?"

Niliona aibu, nakuambia. Bibi wa miaka sabini na ushee anamwamkia mtoto, na mtoto naye anaitikia bila haya! Nikamnong'oneza Mama kwamba huyu ni kijana mdogo, bandeji inamdanganya. Akanibana paja kwa vidole vyake vigumu. Baadaye sana ndipo nilipojiuliza jambo la pili. Agnesi? Mjini na kijijini anaitwa Mama Tumaini. Hilo jina la usichana hata mimi nililisoma kwenye cheti cha kliniki.

Yule kijana akaipapasa boneti taratibu. Na mimi, nisamehe, kifo kimenikosa dakika ile ile, nikaanza kumweleza habari za rangi, tabaka tatu, na viti, na mlio. Siwezi kujizuia mtu akiligusa gari lile. Alinisikiliza mpaka mwisho kama mtu asiye na pa kwenda.

"Zuri," akasema. "Ila mimi gari nalitazama linaposimama. Kwenda, yote yanakwenda."

Akaniagiza niwashe, nitie namba moja, nisikanyage kitu kingine. Injini ikakubali. Akainama tena dirishani. "Jiwe langu usiliache barabarani," akasema, kisha akapiga bodi makofi mawili, twende. Nikapanda. Nilipotazama kwenye kioo sikuona mtu.

Juu, palipo tambarare, niliegemeza gari kwenye tuta la udongo ili lisimame. Nia yangu, sitakuficha, ilikuwa nivute pumzi kisha nitambae nalo mpaka nyumbani. Mama akasema neno moja tu, jiwe. Nikamwambia yule kijana atalitoa mwenyewe, si ndiye aliyeliweka?

"Hawezi," akasema Mama. "Ausi alikufa kabla sijamzaa dada yako."

Alinieleza kwa ufupi, na siku hiyo peke yake ndiyo niliyowahi kumsikia akieleza kitu kwa ufupi. Ausi alikuwa utingo wa lori la korosho. Kazi yake ilikuwa kurukia chini lori linaposhindwa mlima na kuweka jiwe nyuma ya gurudumu. Lori likishapanda, dereva alimwita apande waende, na yeye alirudi kwanza kulitoa jiwe. Madereva walimtukana kwa kuwachelewesha. Asubuhi moja ya ukungu aliinama kulinyanyua, na lori jingine likashuka. Watu wakambeba yeye, jiwe wakalisahau pale pale.

Nikamuuliza amemtambuaje bila macho.

"Kwa sauti. Nilikuwa nampenda, mwanangu. Wewe ulidhani nilizaliwa nikiwa mama yako?"

Nilishuka mlima ule kwa miguu. Jiwe lilikuwepo, kubwa kama sufuria ya ugali wa msibani, katikati ya njia ya kushukia, maana nilivyorudi nyuma nilikuwa nimehamia upande usio wangu. Lilikuwa na alama nyeusi ya tairi yangu. Nilisukuma kwa mikono na goti, likabiringika mtaroni, na mle mtaroni nikaona mengine mengi, yamepangwa vizuri, kila moja na alama yake ya tairi. Sijanyoosha mgongo, ikashuka bodaboda. Haikulia. Unajua wanavyozima injini mteremkoni kubana mafuta. Haikuwa na taa, na nyuma ya dereva walipakiwa watoto wawili wa shule wenye masweta ya kijani. Ikapita pale pale jiwe lilipokuwa. Yule mdogo akanipungia mkono.

Niliketi juu ya jiwe nikalia kama mtoto. Sioni haya kukuambia.

Breki zote nilibadilisha, hendibreki ipo, spika nilimpa jirani. Nyuma ya kiti naweka kabari ya mti ya kuzuia gurudumu, imefungwa kwenye gari kwa kamba, ili nikiondoka inifuate yenyewe. Kijiweni wakiuliza gari bora ni lipi, nawaambia wanionyeshe kwanza linavyosimama kwenye kilima cha Lisekese likiwa na mzigo. Wanasema mwalimu amezeeka. Labda.

Mama sasa anaona kwa macho yote mawili. Kila tukifika kona ile anajiweka sawa na kufunga kilemba vizuri, na kila mara linakuja kofi moja kwenye bodi. Nimekagua bodi lile bolti kwa bolti, hakuna kilicholegea. Nasimama, nashuka, natazama barabarani. Mara nyingine nakuta jiwe la mtu. Mama huchungulia ukungu muda mrefu, kisha huniambia tuondoke. Tangu macho yapone, hajasikia sauti wala kuona mtu, na kuna siku alisema bora wasingemtibu. Nikatia gia, tukaondoka.

Basi wewe unayepandia Newala, gari likikushinda weka jiwe, hakuna atakayekulaumu. Ukiondoka, rudi ukalitoe. Hata kama una haraka, hata kama mvua inanyesha na abiria wako wanakutukana, shuka kwa miguu yako ukalitoe. Usimwachie Ausi. Yeye ameshatoa ya kutosha.