Nilivyokwenda Kuposa na Pembe Mgongoni

Jamani, habari hii nimeificha miaka mingi, na hata sasa ninapoisimulia masikio yananiwaka moto, ila kwa kuwa mke wangu ameshawasimulia nusu yake (na nusu aliyoichagua ndiyo mbaya zaidi), afadhali niimalize mwenyewe, mjue kwamba aibu yote ile ilianza na haraka yangu ya kuvaa shati.

Miaka ile ya sabini nilikuwa fundi cherehani pale Kambarage, Shinyanga mjini, cherehani ya miguu kwenye baraza la duka la watu, kazi ya kuinama kutwa, na mtu ukiinama hivyo miaka sita mfululizo mgongo nao unadai haki yake. Nilikuwa na kifundo kigumu katikati ya mabega, nikigeuza shingo kinanikata. Basi katika hali hiyo ndipo nikampenda Veronika, binti wa katekista mmoja wa kule Ushirombo, aliyekuja mjini kwa dada yake akaniletea kitambaa cha gauni, nami gauni la siku mbili nikalishona wiki tatu ili arudi kuuliza, akarudi, akarudi tena, mpaka siku moja akaniambia kwa upole kwamba kama nina nia niende kwa baba yake, maana gauni moja halishonwi mpaka uzeeni.

Sasa huyo baba yake, Mzee Paskali, alijulikana kuanzia Ushirombo mpaka Buseresere kwa jambo moja, mapembe. Mnajua huku kwetu mganga akikupa dawa ya bahati au ya mapenzi mara nyingi anaitia kwenye pembe, anaiziba kwa nta, unakwenda kuificha darini. Mzee Paskali hakubali mtu abatizwe mpaka ameleta pembe zake na kuzitia moto kwa mkono wake mwenyewe mbele ya watu. Mjomba wangu Shija, ambaye ndiye niliyemchukua awe mshenga, alinionya tukiwa bado kwenye basi: "Ng'wanawane, mwanangu, kwa mzee yule usitaje mganga, usitaje dawa, hata ukipiga chafya omba radhi."

Tulifika Ushirombo Jumamosi jioni, na ile barabara ilikuwa imeumaliza mgongo wangu kabisa. Jumapili baada ya misa siwezi hata kufunga kamba za viatu, na saa saba tunangojwa kwa chakula na mazungumzo. Mjomba alinitazama ninavyotembea upande upande, akasema hapana, binti wa watu haposwi na mtu anayetembea hivyo, twende kwa Mzee Mrisho. Huyu alikuwa mzee wa asili ya Ujiji, mwenye duka la chumvi na mafuta ya taa pale sokoni, na nyuma ya duka alikuwa akiumika watu. Kuumika kwenyewe si uganga wala nini: ana chuku, yaani vipembe vifupi vya ng'ombe vilivyotobolewa nchani, anakibandika kimoja kimoja mgongoni, anafyonza hewa kwa mdomo, anaziba tundu kwa nta, basi kinaing'ang'ania nyama na kuvuta maumivu. Ndani hamna dawa, ni upepo tu. Alinilaza kifudifudi mkekani akabandika, mimi nimezika uso kwenye mto, sihesabu.

"Lala hivyohivyo," akaniambia. "Nakwenda kuswali adhuhuri. Nikirudi nitazitoa mwenyewe. Usitikisike."

Nikalala. Mgongo ukafa ganzi, raha tupu. Lakini hazikupita dakika nyingi nikasikia kengele ya baiskeli ya kuazima, mjomba yuko nje ananiambia saa saba imekaribia na kwa katekista mtu hachelewi. Hapa ndipo nilipojimaliza. Badala ya kusema mjomba subiri mzee atoke msikitini, mimi nikajiona fundi wa kila kitu, nikapeleka mkono nyuma, nikachomeka ukucha ubavuni mwa pembe, hewa ikaingia, pembe ikatoka. Ya pili ikatoka. Nikapapasa juu, nikapapasa chini, nikapata sita, nikazipanga mkekani kwa adabu, nikavaa fulana, shati na lile koti la tetroni nililolishona mwenyewe mahsusi kwa siku ile. Nyie mmeshajua. Lakini mgongo uliokufa ganzi hausemi, na katikati ya mabega kuna mahali ambapo mkono wa juu haufiki na wa chini haufiki.

Njiani, nimekaa nyuma ya baiskeli, nilihisi kitu kinanivuta ngozi, nikajua dawa inafanya kazi.

Mzee Paskali alitupokea mlangoni. "Tumsifu Yesu Kristu." Tukaitikia milele amina, nikampa shikamoo, akaitikia marahaba huku macho yake yakipita juu ya bega langu, yakakaa huko nyuma muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Akauliza mbona tumechelewa kidogo. Mjomba, kabla sijafungua mdomo, akajibu kwamba tulibaki kanisani tunasali. (Kumbukeni hilo.)

Ndani kulikuwa na Mama Veronika, shangazi mmoja mnene mwenye rozari mkononi, na wazee wawili wa ukoo. Wote wakanitazama usoni, kisha mgongoni. Shangazi akapita nyuma ya kiti changu kwenda kuchukua kitu, akarudi mikono mitupu, akapita tena. Mimi nikasema moyoni, koti limewakamata, maana kwa kweli mshono wa nyuma niliurudia mara mbili. Nikanyoosha mabega ili walione vizuri. Veronika alipopiga magoti kuninawisha mikono alinifanyia ishara kwa kidevu, anaonyesha nyuma yangu, amekunja uso, nami nikamtabasamia na kumwambia kwa sauti ya chini, "Ndiyo, nimelishona mwenyewe." Akafumba macho. Sikuelewa kwa nini.

Mzee Paskali akamgeukia mjomba akauliza taratibu, "Huyu kijana alizaliwa hivi?"

Mjomba akadhani anaulizia ukimya wangu, maana nilikuwa nimekaa wima bila neno. "Alizaliwa hivihivi," akasema kwa furaha. "Ni ukoo wetu. Babu yake hivi, baba yake hivi."

"Na watoto?"

"Wote watakuwa hivi, kwa baraka za Mungu."

Mama Veronika akashika shavu. Wazee wawili wakatazamana. Mimi nipo katikati kama mgeni aliyeingia kwenye kikao kisichomhusu, naona watu wanahuzunika na chakula bado hakijaja, nawaza labda kuna msiba humu ndani hawataki kutuambia. Mzee akaniambia kwa sauti ya huruma nivue koti, joto kali. Nikakataa, kwa sababu shati langu lilikuwa jepesi na niliogopa alama za chuku zionekane. Akaniambia tena, "Vua mwanangu, hapa ni kwenu, hatumcheki mtu kwa alivyoumbwa." Nikazidi kuchanganyikiwa, nikamjibu kwamba mimi na koti hili hatuachani. Nadhani ndipo Mama Veronika alipoanza kufuta machozi.

Chakula kikaletwa, wali na kuku, tukaambiwa tupige magoti tusali kwanza. Nikapiga magoti, nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu mkubwa nionekane Mkristo wa kweli, na katika kuinama kule ngozi ya mgongo ikatanuka, nikasikia kitu kinaachia ndani ya fulana. Kikateleza kwenye uti wa mgongo, kikapita kiunoni, kikatokea chini ya koti, kikaanguka sakafuni ko, kikabingirika mpaka magotini pa Mzee Paskali.

Pembe. Nyeusi, inang'aa, ina nta nchani.

Hakuna aliyesema amina. Shangazi alisogea nyuma kwa magoti mpaka akaugonga ukuta. Mimi mwenyewe niliitazama ile pembe nisijue imetoka kwa nani, na kwa sekunde mbili tatu, Mungu anisamehe, nilimshuku mjomba.

"Hii ni nini?" akauliza Mzee Paskali.

"Ni chuku, Baba. Ya mgongo. Nilikuwa naumikwa."

"Kila niliyemkuta na pembe aliniambia ni ya mgongo." Hakupandisha sauti. "Pembe ya mgongo inakaa kwa mwenye kuumika. Haiendi kuposa. Na nyie mliniambia mlikuwa kanisani."

Nikasema nivue shati niwaonyeshe alama, shangazi akasema asivue humu ndani, tusije tukaona na mengine. Nikamtazama mjomba anisaidie. Mjomba akaanza kueleza kwamba mimi na yeye hatujaonana sana tangu nikiwa mdogo. Nilimwona Veronika amesimama mlangoni na sinia la ugali wa nyongeza, haangalii pembe, ananiangalia mimi, nikaona kabisa kwamba nikitoka kwenye nyumba ile hivi nilivyo sitarudi tena, na moyo ukaniuma kuliko mgongo.

Mzee Paskali akasema, "Nyumba hii pembe haiingii ikatoka nzima. Lakini mtu akikiri na kuichoma mwenyewe, mimi si wa kumfukuza."

Mjomba akaniinamia sikioni: "Kiri, ng'wanawane. Mwana mpotevu si alichinjiwa ndama? Wewe kiri tule."

Na mimi, kwa akili gani sijui mpaka leo, nikakiri. Nikasema ni dawa ya mapenzi. Wakaniuliza nimeipata wapi, nikasema kwa mganga wa Bugarama (Bugarama sijawahi kulala hata siku moja). Wakauliza mganga yukoje, nikasema mrefu, ana jicho moja. Uongo ukishaanza kutoka ni kama uzi kwenye bobini, unavuta tu. Tukatoka uani, wakawasha kuni, nikaitia pembe motoni kwa mkono wangu. Harufu ya pembe inayoungua msiiombe. Lakini watu waliimba, Mama Veronika akanishika mkono, wazee wakanipiga bega, shangazi akaniita mwanangu, na Mzee Paskali akasema sasa twende tukale, mambo ya mahari yatazungumzika. Nikaona nimepona.

Tulikuwa bado tunanawa mikono tuliposikia hodi. Ni Mzee Mrisho, kanzu imejaa vumbi, amekuja kwa miguu kutoka sokoni.

"Samahani wenye nyumba," akasema. "Huyu kijana nilimbandika pembe saba. Nimerudi kutoka msikitini nimekuta sita. Nimeulizia, wakaniambia yuko huku anaposa. Nina wasiwasi ameondoka nayo mgongoni, na pembe zile aliniachia marehemu baba yangu."

Mzee Mrisho akanisogelea. Akaniambia, "Geuka." Nikageuka. Akanivua koti, akapandisha shati na fulana, na Mzee Paskali akasogea, akahesabu zile alama nyekundu za duara kwa kidole chake, moja, mbili, tatu, mpaka saba, iliyo katikati ya mabega ikiwa ndiyo mbichi kuliko zote. Kisha akalirudisha shati langu chini polepole, akanizungukia mbele.

"Sasa," akaniuliza, "ulikuwa unatubu nini?"

Nimelitafuta jibu la swali lile tangu siku ile. Mzee Mrisho alikuwa anatazama moto uani, ameshaisikia harufu. Alikaa tu kwenye ngazi ya mlango akavua kofia yake. Hapo ndipo nilipolia, mbele ya wakwe, na koti langu mkononi.

Mzee Paskali alisema maneno machache. "Mchawi aliyetubu ningempa binti yangu leo hii. Mtu anayekiri asilolifanya ili apate anachokitaka, huyo kesho atakana alilolifanya. Rudi mjini. Mwakani, kama bado una nia, njoo na mgongo wako tu." Kisha akaenda akakaa kwenye ngazi kando ya Mzee Mrisho, akamwomba radhi kwa sababu yeye ndiye aliyeamuru moto. Kuku hakuliwa. Mjomba aliniambia njiani kwamba hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Nilirudi Kambarage nikainama kwenye cherehani mwaka mzima. Veronika aliniandikia barua moja tu, yenye mstari mmoja: anauliza kama yule mganga wa jicho moja hajambo. Nikajua bado ninangojwa.

Mwaka uliofuata nilikwenda, nikasema ukweli wote hata ule ambao hawakuuliza, tukafunga ndoa. Ng'ombe wa karamu alikuwa na pembe fupi nzuri. Siku ya tatu yake nilimwona baba mkwe wangu, katekista, mchoma mapembe wa Ushirombo yote, anakatiza sokoni kwenda dukani kwa Mzee Mrisho, amebana kitu ndani ya koti, na koti limetuna ubavuni. Watu walikuwa wanageuka kumtazama. Hakugeuka.

Mimi mgongo bado unanisumbua na bado naumikwa, siwezi kudanganya. Ila shati silivai tena kwa haraka, na dhambi isiyo yangu siitubu hata nikiwekewa kuku mzima mezani. Pembe zikishatoka, Veronika hukaa nyuma yangu na kuhesabu kwa sauti, na akifika saba ananipiga kofi dogo pale katikati ya mabega, ndipo ananipa shati.