Jumapili ya Osaka na Pampu ya Kinyangiri

Siku ya kwanza kazini sikukabidhiwa spana. Fundi Mkuu wa ofisi ya maji, Mnyiramba mrefu asiyependa maneno mengi, alinipakia nyuma ya gari hadi Sepuka, akanisimamisha kwenye pampu ya mkono iliyokuwa nzima kabisa, akaniamuru niweke sikio kwenye bomba huku akina mama wakiendelea kuteka.

"Unasikia nini?"

"Maji, mzee."

"Maji hata mbuzi anayasikia. Sikiliza tena."

Nilisikiliza mpaka shingo ikauma. Hatimaye nikasikia, kila mkono wa pampu uliposhuka, mkwaruzo mdogo kama wa ukucha kwenye ubao. Akaniambia hiyo ni washa ya ngozi, kikombe kidogo cha ngozi ya ng'ombe kinachopanda na kushuka ndani ya silinda na kuvuta maji. Ikikauka inakwaruza. Ikiachwa inakwaruza, baada ya wiki chache kijiji kizima kinarudi kufukua mchanga wa korongoni. "Kazi yako," alisema, "ni kufika kabla hawajakuita."

Nilikaa Sepuka miaka mitatu, Ulemo miwili, kisha nikarudishwa Singida mjini kuwa fundi wa kuzunguka. Elimu yangu ya darasani iliishia la saba. Mengine niliyatafuta mwenyewe: kamusi ya Kiingereza niliyoisoma kurasa mbili kila jioni, na kitabu cha mitambo ya maji kilichokuwa kimepoteza jalada na sura ya mwisho. Kila pampu niliyoifungua niliiandika kwenye daftari: kina cha kisima, urefu wa bomba, hali ya ngozi, jina la aliyeniletea kiti.

Kisha ikaja miaka ya ruksa. Madukani vikajaa vitu ambavyo tulikuwa tukivisikia tu, na papo hapo ofisini tukaanza kuambiwa kwamba serikali inajitoa. Vijiji vitamiliki pampu zao na mafundi watapunguzwa. Wakati huohuo ikaja nafasi moja ya mafunzo Japani, wiki sita, mji wa Osaka. Mhandisi wa Maji wa Mkoa aliniita.

"Ntandu, ukirudi usinihadithie mashine za Wajapani. Mashine tunazo, zinaoza stoo. Nataka uniambie kitu kimoja. Fundi akiondoka, nani anatunza pampu?"

"Kamati ya kijiji, mheshimiwa."

"Kamati ipi? Ile iliyokutana mara moja ikala pilau? Katafute jibu. Ukilikosa, pampu zote ulizofunga zitakufa huku unaziangalia."

Nilikwenda na swali hilo. Wiki tatu za kwanza kiwandani sikupata jibu. Walimu walikuwa wema na mashine zilikuwa safi, lakini kila nilipouliza nani anatunza, walinionyesha fundi mwenye sare, na nyuma yake gari, na nyuma ya gari ofisi.

Jumapili ya nne tulipewa siku huru. Wenzangu walikwenda kununua redio. Mimi niliandikisha jina kwa matembezi ya miguu katikati ya mji, yaliyokuwa yakiongozwa na wenyeji waliojitolea. Nilijikuta peke yangu na kiongozi wangu, mama mmoja aliyemzidi umri hata mama yangu mzazi, mfupi, kofia ya kitambaa kichwani, mwavuli mkononi ingawa mbingu ilikuwa nyeupe. Jina lake lilikuwa Mama Okada. Alikuwa amekatisha tiketi kwenye tramu, treni ndogo za barabarani, za mji ule tangu usichana wake mpaka alipostaafu. Kiingereza chetu kilikuwa cha kuokoteza, chake kutoka kwa abiria, changu kutoka kwenye kamusi, na kwa sababu hiyo tulielewana vizuri.

Sikuweza kumsalimu mtu wa umri ule kwa kumwambia habari za asubuhi tu. Nikainama, nikasema shikamoo. Akauliza maana yake, nikamweleza, nikamfundisha na jibu.

"Marahaba," alisema polepole, akacheka. "Na kama mimi ndiye mkubwa, wewe utanisalimu hivyo kila siku?"

"Kila tukikutana, mama."

"Basi ningekuwa nakutafuta mara tano kwa siku."

Alitembea haraka kuliko mimi. Tulianzia eneo liitwalo Namba, kwenye mitaa iliyoezekwa paa juu kama ghala moja refu lisilo na mwisho, maduka kulia na kushoto, watu wengi kuliko gulio lolote nililowahi kuona, na hakuna aliyemgusa mwenzake. Mama Okada hakunionyesha majengo makubwa. Alinionyesha vitu vinavyotumika. Mtaa mmoja ulikuwa wa vyombo vya wapishi tu: masufuria makubwa ya kutosha kumwogeshea mtoto, visu vilivyopangwa kwa urefu, mapazia ya milango ya mikahawa. Dirishani niliona sahani za wali na samaki zimeachwa wazi. Nikauliza nani atakula chakula kilicholala hivyo. Alicheka mpaka akashika mwavuli kwa mikono miwili. Kilikuwa chakula cha plastiki, cha kumwonyesha mteja.

"Usiaibike," alisema. "Mume wangu aliwahi kumgombeza mwenye duka kwamba tambi zake zimepoa."

Tukaingia kwenye kichochoro chenye mawe, upana wa mikono miwili, penye sanamu ya jiwe iliyoota majani madogo laini ya kijani kibichi mwili mzima. Watu walisimama kwa foleni, kila mmoja akachota maji kwa kata ya mti na kuimwagia sanamu, akaomba dua yake, akaondoka. Nilisimama nikayatazama maji yale. Mimi ni mtu wa Singida. Nimeona wanawake wakisubiri tangu alfajiri ndoo moja ya maji ya rangi ya chai. Pale maji yalikuwa yakimwagwa siku nzima juu ya jiwe, na jiwe lilikuwa limeota majani.

"Umekasirika?" Mama Okada aliuliza.

"Hapana, mama. Natamani tu."

Alinipa kata, nami nikamwagia. Niliomba mvua. Nilifikiri ndiyo iliyokuwa adabu.

Baada ya hapo tulivuka barabara kubwa mbili na kupanda mwinuko hadi mtaa wa zamani alikozaliwa, nyumba za mbao zilizoungana kama mabehewa. Kati ya nyumba hizo, kwenye uwazi mdogo wenye vyungu vya maua, nikaiona pampu ya mkono. Ya chuma cha kusubu, imepakwa rangi ya kijani, mkono wake umepinda kama shingo ya bata. Nilisimama. Umbali wa dakika chache kutoka ghorofa zile zote, pampu, ndugu ya zile zangu.

"Nani anaitunza?" niliuliza.

Akanionyesha mlango wake mwenyewe. Pembeni mwake kilining'inia kibao kidogo cha mti chenye maandishi ya wino. Akaniambia kibao kile kina maana ya zamu. Nyumba yenye kibao inafagia kuzunguka pampu, inaipaka mafuta, inaijaribu kila asubuhi, kwani tetemeko au moto ukija mabomba ya mji yanaweza kukatika. Baada ya wiki kibao kinahamia mlango unaofuata.

"Na bosi wao ni nani?"

"Hakuna bosi."

"Asipofanya?"

"Kibao kinakaa mlangoni kwake. Wote wanapita hapa kwenda sokoni." Alikunja uso kama jirani anayepita huku akitazama mlango. "Hiyo inatosha."

Wiki ile zamu ilikuwa yake, akaenda kupampu. Nikasikia mkwaruzo. Nikamwomba mafuta ya kupikia na kifungulio chochote alichonacho. Pampu ile ni ya kuvuta kutoka juu, silinda yake haiko mbali, nikaifungua kwa dakika kumi. Ngozi ilikuwa imekauka lakini haijapasuka. Nilikuwa nailoweka kwenye bakuli la mafuta wakati majirani walipotoka. Mzee mmoja mwenye suruali ya kulalia alisema jambo kwa ukali.

"Anasemaje?" niliuliza.

"Anauliza, una kibao?"

Mama Okada alikwenda mlangoni, akakitungua, akanivika shingoni kwa uzi wake. Yule mzee akakitazama, akanitazama, akainama. Kisha akaleta kiti. Wote wakacheka, na mimi nikacheka, mafuta yakinichuruzika hadi kiwiko. Nimefanya kazi miaka mingi, nimepewa hata vyeti viwili. Sijawahi kupewa kazi kwa namna ile.

Aliponisindikiza kituoni nilimwambia kuhusu swali la Mhandisi, na kwamba nitajaribu kibao chake nyumbani. Alitaka kujua jina la kijiji nitakachoanzia. Kinyangiri, nikamwambia. Akalirudia, pamoja na Singida, mpaka akaweza. "Niandikie," alisema, "namna kinavyokwenda." Nikaahidi.

Niliporudi Singida, Mhandisi alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza.

"Kwa hiyo serikali imekutoa hapa mpaka Japani ukaangalie kipande cha mti kimetundikwa mlangoni."

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Hata redio hukuleta?"

"Sikuleta."

Akafuta miwani yake, akairudisha machoni. "Nakupa kijiji kimoja. Chagua."

Nilichagua Kinyangiri, pampu moja, kaya thelathini. Nilichongesha kibao cha mninga, tukaitisha mkutano, nikaeleza zamu, nikamfundisha kila mwenye nyumba kupaka ngozi mafuta. Kibao kikaanza kutembea. Nyumba ya kwanza vizuri. Ya pili vizuri. Ya tatu ilikuwa ya Mama Elieza, mjane, na hapo kikakwama.

Pampu ilikuwa inang'aa. Kilichogoma ni kibao chenyewe. Nilipofika nilikikuta hakiko tena nje mlangoni. Alikuwa amekitundika ukutani ndani, kati ya kalenda ya kanisa na picha ya marehemu.

"Mama, zamu yako imekwisha."

"Pampu imesimama?"

"Haijasimama."

"Inakwaruza?"

"Haikwaruzi."

"Sasa imekwishaje?" Akanikaribisha uji. "Sikiliza, fundi. Tangu baba Elieza aondoke, mlango huu ulikuwa haupitiwi hata na kuku wa jirani. Sasa asubuhi napigiwa hodi. Mama, tuangalizie pampu. Mama, mafuta yamebaki? Wananiita mama wa maji. Na wewe umekuja kuninyang'anya?"

Nikamaliza uji. Kule Osaka kibao kilimwaibisha aliyezembea. Kwetu kilimpa heshima aliyekuwa hana, na heshima haikabidhiwi kwa jirani siku ya Jumatatu. Majirani walilalamika, mwenyekiti alitishia kuja na mgambo. Nikakataa. Nilijua mgambo akishakigusa kibao kile kitakuwa cha serikali, na serikali ilikuwa inaondoka.

Niliandika yote kwenye daftari. Kwa Mama Okada sikuandika. Nilijiambia kwamba barua ya mtu makini inapeleka matokeo, haipeleki mikwamo. Kibao kikishapita kaya zote thelathini nitamwandikia taarifa kamili, na mchoro. Miezi ikapita, mwaka ukapita. Mara mbili nilinunua bahasha ya ndege, mara mbili nikaiweka kabatini.

Aliyekikwamua si mimi. Binti yake Mama Elieza alijifungua huko Itigi, naye ilibidi aende kumwuguza. Asubuhi ya safari alikichukua kibao mwenyewe, akavuka ua, akakitundika kwa jirani, kijana aliyeoa karibuni, na akasimama pale mpaka kijana akaonyesha kwa mikono yake kwamba anajua kupaka mafuta. "Nikirudi nitakagua," akamwambia. Na alikagua. Tangu hapo kila aliyekabidhi aligeuka mkaguzi wa aliyemfuata, jambo ambalo Osaka halikuwapo na ambalo nisingelibuni. Ilichukua zaidi ya miaka miwili kibao kufika kaya ya thelathini. Pampu haikusimama hata siku moja.

Miezi michache kabla ya hapo orodha ya kupunguzwa ilibandikwa ofisini na jina langu lilikuwamo. Mhandisi aliniita, akanipa mkono, akasema, "Lakini umenijibu." Nikaenda nyumbani na spana zangu.

Kibao kilipofika kaya ya thelathini ndipo nikaandika. Kurasa nne, mchoro wa pampu, orodha ya kaya. Jibu lilichelewa, na liliandikwa na binti yake Mama Okada. Mama alifariki majira ya baridi yaliyopita. Nyumba za mbao zilishabomolewa kabla ya hapo na pampu iling'olewa, pamejengwa ghorofa. Alisema mama yake alipohamishiwa kwake aliendelea kumwuliza mleta barua kama kuna chochote kutoka Singida, na kwamba jina hilo alilitamka vizuri. Akanishukuru kwa mchoro.

Vijana mnaoingia kwenye kazi hii mtafundishwa kuandika taarifa, na ni vyema. Lakini nimestaafu na nina muda wa kutosha kufikiri, na ninachokitamani si Osaka yenyewe, ingawa naitamani pia, mwinuko ule na yule mama mbele yangu na mwavuli wake. Natamani nirudi kwenye meza yangu mwezi ule wa tatu tangu kibao kianze kutembea, bahasha ikiwa mbele yangu, niandike mistari miwili na kuipeleka posta kabla sijaisoma tena:

Mama Okada, kibao kimefika nyumba ya tatu na kimekwama kwa mama mmoja ambaye ungempenda. Sijui nifanye nini.