Meli Isiyoshusha Askari

Vijana wa Ibra, huku Omani, wakimwona Marhoun akipita na mkate wake kwapani huambiana, "Yule mzee alikwenda vitani na meli." Wenye ujasiri humwuliza aliua wangapi. Yeye huitikia salamu tu, akapita zake, nao husema ana majivuno. Majivuno! Laiti wangejua alichokwenda kukipoteza huko, wangemwachia njia.

Alizaliwa Tabora, ambako baba yake, mtu wa Samad Ash Shan, alikuwa na duka. Kiingereza alikipata hukohuko shuleni, kwa viboko. Waliporudi Omani, Kiingereza kilimpatia kazi ya ofisini, Kiarabu kikampatia aibu. Kila akifungua mdomo sokoni wenzake walikuwa wakicheka: huyu Mswahili huyu! Basi mwishoni mwa mwaka tisini, Kuwait imeshavamiwa, wakala mmoja wa meli huko Maskati akawa anatafuta mkalimani wa kupanda meli ya kivita ya kigeni. Marhoun akaona riziki imemjia na heshima juu yake. Wazungu hawatakicheka Kiarabu chake.

Mama yake, Bi Kuruthum, hakutaka hata kusikia.

"Unakwenda kuwasaidia watu kuwashushia moto Waislamu wenzako?"

"Mimi mkalimani tu, mamangu. Nitawaambia waweke silaha chini wasiuawe. Hiyo si thawabu?"

"Ukitoka mlango huo, wallahi sina radhi nawe."

Akatoka. Kwetu mtu aweza kukosana na dunia nzima na bado akalala usingizi, lakini si kukosa radhi ya mama yake. Marhoun alilijua hilo vizuri. Alidhani ni hasira za siku mbili tatu, kwamba atarudi, atambusu mkono, yaishe.

Meli yenyewe ilikuwa mji mzima wa chuma. Ubavuni zilining'inia boti, na kazi yake ilikuwa moja: kuikaribia pwani ya adui, kuteremsha boti zile, kuangusha nyavu nene za kamba, askari washuke kwa nyavu hadi botini, waende wakashambulie. Marhoun angeshuka nao akiwa na kipaza sauti, awaamuru Wairaqi wasalimu amri. Kwa lafudhi yake ya Tabora! Pengine wangekufa kwa kicheko kabla ya risasi, lakini nani angemwambia ofisa? Wakamwonyesha ramani ya pwani watakayoshukia, wakamwapisha asimwambie mtu.

Tutashuka lini? Karibu. Kila siku karibu.

Siku zikapita, akatuma salamu nyumbani kupitia wakala, akiomba radhi. Mwezi wa Januari, meli ya mahitaji ikamletea kaseti kutoka kwa wakala. Jamaa zetu wengi hawakuwa na mazoea ya barua; walikuwa wakizungumza kwenye kaseti na kutumiana. Kwanza ilisikika sauti ya dada yake, Huwaida: mama ni mgonjwa, hospitali wamemrudisha nyumbani, hakuna tena cha kufanya. Kisha mama mwenyewe, pumzi zikikatika.

"Marhoun. Nimesikia unaomba radhi. Radhi siitoi kwenye kaseti, mwanangu. Njoo unipe mkono, nikupe mwenyewe. Nitakungoja. Usikawie tu, nimechoka."

Alikwenda kwa ofisa. Akamsihi amshushe bandari yoyote, hata kwenye mashua ya wavuvi, atajijua mwenyewe. Ofisa hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linalouma zaidi.

"Umeiona ramani," alimwambia. "Aliyeiona ramani hatoki mpaka tushuke sote."

Marhoun akaazima redio ya kaseti, akarekodi majibu kwenye upande wa pili wa kaseti ileile, akaituma. "Mamangu, ningoje. Meli ikishashusha askari, mimi niko njiani." Hakuwa anamdanganya. Aliamini kila neno.

Kabla ya kuingia Ghuba walifanya mazoezi, na wapi? Pwani ya Omani, chini ya Sur! Marhoun alishuka kwenye wavu pamoja na askari, akapanda boti, boti ikaelekea nchi kavu. Akaiona milima, ile ya kwao, isiyo na jani. Kutoka pale hadi Ibra ni mwendo wa gari tu. Boti ilipokaribia mawimbi ikageuza, kwa kuwa yalikuwa mazoezi. Marhoun akajitupa majini.

Hakuwa mwogeleaji, mtoto wa Tabora ataogelea wapi? Alipiga maji kama punda aliyeangukia kisimani, akamwita mama yake kwa sauti. Wakamvuta kwa upondo, wakamrudisha melini, wakamfungia chumba cha chini. Kuanzia hapo hakuguswa na jua.

Meli ikaingia Ghuba, ikasogea, ikarudi nyuma, ikasogea tena. Huko chini Marhoun alisikia mizinga, akawa anaomba, Mungu amsamehe, vita vya nchi kavu vianze haraka ili askari washuke. Fikiria mtu aliyefikishwa pa kuomba hivyo. Siku moja mlango ukafunguliwa. Alikuwa yule ofisa, anacheka.

"Vita vimekwisha! Jeshi limepitia jangwani."

"Na sisi hatushuki?"

"Hatukupangiwa kushuka. Nami nimeambiwa jana. Tuliwekwa hapa tuonekane, adui aelekeze mizinga baharini, wenzetu wampige kwa nyuma. Umeifanya kazi yako vizuri."

Kazi gani? Alikuwa amefungwa kwa siri ya shambulio lisilokuwepo.

Walipomshusha Maskati alikodi teksi hadi Ibra. Huwaida alimpokea mlangoni amevaa nguo za msiba, na Marhoun hakuuliza lililotokea. Aliuliza moja tu.

"Alisema lolote? Alinipa radhi?"

Huwaida alikaa chini kwanza.

"Kila siku alikuwa akiuliza: wameshashuka? Majirani walimwomba atamke tu radhi, amalize, apumzike. Akawaambia, 'Ameniahidi anakuja, nitampa mwenyewe.' Redio iliposema majeshi yameingia Kuwait alifurahi, yakhi, hujapata kuona. Akasema, 'Alhamdulillahi, meli imeshusha, mwanangu yuko njiani.' Akataka akalishwe penye mlango. Mkono wake wa kulia akauweka juu ya mto, uko wazi, akatukataza tusiushike. Amekufa vilevile. Tulipomwosha tulipata tabu kuukunja."