Wiki Tatu za Ushauri Wangu

Kwa miaka mingi nimekana kwamba ni mimi niliyemchelewesha dada yangu. Ni mimi. Kichwa cha mwanawe wa miezi mitano kilikuwa kikikua kuliko mwili, na mganga wa zahanati akataka mtoto apelekwe Mbeya, apigwe ultrasaundi ya kichwa.

“Ultrasaundi ni ya wajawazito,” nilisema kisomi. Chuo kikuu nilisomea historia.

“Haya, daktari wetu,” dada alinitania, lakini akanisikiliza wiki tatu.

Alipokwenda, kipimo kilipitishwa juu ya utosi, ambako mfupa haujafunga, kikaonyesha uvimbe kwenye ubongo. Akarudi Kyela kusubiri uamuzi wa mabingwa. Simu ya karibu ilikuwa kwenye duka la vitenge la baba mkwe wake, na kwetu Wanyakyusa mwanamke haonani na baba mkwe. Ilipolia, niliipokea mimi. Yeye alisimama nje, nyuma ya ukuta.

“Mleteni, mama. Tutampasua, ataishi,” daktari alisema, akidhani anaongea na dada. “Ila hataona tena. Mngewahi wiki tatu tu, macho yangepona.”

“Anasemaje?” dada aliuliza kutoka nje.

“Ataishi,” nilimjibu.